Barua ya Dakika Tatu

Dirisha la kupokelea vifurushi chuoni lilifurika watu, kila mmoja akiinua karatasi yake juu. Msichana mwenye blauzi ya manjano aligeuka na boksi lake la nyuzi za kioo za kupitishia mwanga, akampiga kumbo kijana mrefu.

"Dada, taratibu! Kichupa hiki nimekipika siku tatu."

"Umekipika? Kwani wewe mpishi?"

"Napika mwanga. Tazama." Alikiinua juani, kimiminika kikawaka chekundu. "Humu mna chembe ndogo mno, tunaziita nukta za kwanta. Natafuta mtu mwenye leza anijaribie."

"Umeshampata," alisema msichana, kisha akaona haya kwa jinsi alivyoharakisha.

Tangu hapo kijana akawa Mpishi, na msichana akawa Fundi. Mpishi alichanganya nukta zake na plastiki, akazikausha zikawa utando mwembamba. Fundi aliubana kati ya ncha mbili za uzi wa kioo wa leza yake. Utando ulimeza mwanga dhaifu na kuupisha wenye nguvu, na leza iliyokuwa ikimwaga mwanga mfululizo ikaanza kuutoa kwa mapigo mafupi ajabu. Siku mapigo yalipojipanga kwenye skrini, Mpishi alimnyanyua Fundi juu, pamoja na koti lake la maabara.

"Nishushe, mwendawazimu wangu!"

"Sikushushi mpaka ukubali kuja kumwona mama."

Alikwenda, na mama hakuchelewa kumwita mkwe.

Utando ule ndio uliobeba shahada nzima ya Mpishi. Asubuhi moja Fundi aliutoa ili afanye jaribio la lazima: bila utando, mapigo yalipaswa kufa. Hayakufa. Badala ya kumpigia Mpishi simu, alimwandikia Profesa, msimamizi wao, kwamba utando haukuwa na kazi yoyote. Alijiambia hataki kuonekana anampendelea mpenzi wake. Uongo mtupu, aliogopa tu kuuona uso wake.

Mpishi alizipata habari kikaoni, mbele ya watu saba. Jioni akapiga simu.

"Sikulaumu kwa jaribio, mpenzi. Ila ulishindwa nini kuniambia?"

"Ningekuambiaje?"

"Kama unavyoniambia umekula nini."

Kazi yake ilikataliwa. Akaacha chuo, akaajiriwa kiwandani kuchanganya rangi za nyumba, na simu za Fundi hakuzipokea tena.

Miaka mitatu baadaye, Fundi alikuwa akiihamishia leza ileile chumba kingine. Aliifungua ncha ya uzi, akaiweka chini ya hadubini, akaimulika kwa taa ya zambarau. Doa jekundu likawaka. Siku ile alikuwa ameondoa kipande alichokiona, asiifute ncha. Nukta za Mpishi zilikuwa zimenata pale, zikichapa kazi miaka yote. Aliifuta kwa spiriti, akaiunga, akawasha leza. Mapigo yakafa. Fundi alikaa sakafuni akalia, kisha akaandika barua, kisha akapiga simu kiwandani, akaomba aitiwe Mpishi.

"Haloo?"

"Ni mimi. Fundi."

Mashine zilinguruma nyuma yake. Fundi akamweleza yote bila kupumua.

"Umeshamwandikia Profesa?" aliuliza Mpishi.

"Nimeandika, sijatuma. Nimekupigia wewe kwanza."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Umejifunza."

"Rudi. Kazi ni yako, na mimi bado ni wako."

"Kazi nitaifuata. Wewe nilikusamehe zamani, na mama bado anamuulizia mkwe wake. Lakini kila ukinyamaza, nitajiuliza unamwandikia nani. Hatutaishi hivyo."

Fundi alitamani amwambie amekosea, lakini hakuwa amekosea.

"Nisomee hiyo barua," alisema Mpishi.

Fundi alimsomea yote. Mpishi alimsahihisha mahali pamoja tu.

"Usiandike 'kosa la maabara'. Andika 'kosa langu'."

Akafuta, akaandika.

"Sasa tuma. Kwaheri, Fundi."

Simu ilipokatika, Fundi aliitazama saa ya ukutani. Kuisoma barua yote kulichukua dakika tatu. Asubuhi ile, miaka mitatu nyuma, dakika tatu alikuwa nazo.