Kipande cha Sidi

Tosta ya Mbodze ina matundu mawili. Alitia vipande viwili vya mkate, akaibonyeza, na ilipolia tak kikaruka kimoja. Cha pili hakikuonekana, wala makombo yake.

Siku ya kwanza alimsingizia panya, maana panya wa Mji wa Kale nao wana sifa zao. Siku ya pili kikapotea tena cha upande wa kushoto, upande wa bintiye Sidi, na Sidi akanywa chai kavu akaenda kazini kwake Shimanzi. Kufika wiki, Sidi hata akila sahani mbili za wali hashibi. Nguo zikampwaya. Mbodze aliogopa kumpoteza mwanawe, na hofu ile ikageuka hasira, ndivyo alivyoumbwa.

Akamwita Bi Zakiya, mganga wa Kibokoni. Bi Zakiya akafukiza ubani, akasoma, kisha akamwuliza kama huwa anakula peke yake. Hapo Mbodze akakumbuka. Asubuhi moja, Sidi ameshatoka, alikaa mbele ya mkate wake na kwa mazoea tu, kama afanyavyo kila mtu wa pwani akiwa na chakula, alisema, "Karibuni." Na nyumba haikuwa na mtu.

"Basi alikuja," Bi Zakiya akanong'ona. "Umemwita mwenyewe, mwanangu. Mimi siwezi kumfukuza mgeni wa watu."

Akafunga mkoba wake akaenda zake.

Asubuhi ya pili yake Sidi hakuweza kuinuka kitandani. Mbodze akatia vipande viwili, akabonyeza, akangoja, na harufu ya mkate ikapanda, kwanza tamu, kisha ya kuungua, kisha harufu nyingine chini yake, ya nywele zilizoshika moto, nazo nyaya za ndani ya tosta zikawa nyekundu ilhali plagi imelala sakafuni haikuchomekwa popote, na kiti cha Sidi kikavutwa taratibu kama anavyokivuta mtu mwenye adabu zake, na sauti ikamwambia sikioni, "Ulisema karibu."

Mbodze alitamani kukimbia. Lakini mwana ni wake. Akaenda uani akachukua jembe alilopewa na mamake huko Kaloleni, akaliweka mezani mbele ya kile kiti.

"Nilisema," akajibu. "Na mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una wiki nzima. Kwangu anayekula hulima."

Kiti kikarudi mahali pake. Alipotazama mezani, jembe halikuwapo. Likasikika uani, likilima kwa bidii.

Liliponyamaza akatoka. Shimo lilikuwa refu, jembamba, kingo zimenyooka, na kimo chake ni kimo cha Sidi. Mbodze alilia pale. Kisha akapangusa uso.

"Umelima vizuri," akasema.

Akaitupa tosta humo, akafukia kwa jembe lile lile, akashindilia kwa miguu, akapanda mhogo juu yake.

Adhuhuri Sidi aliamka akala mahamri matano, akaomba la sita, akasema ameshiba.

Mpaka leo, kila asubuhi, chini ya ule mhogo hulia tak, na harufu ya mkate ikapanda. Mbodze hutoka na kikombe chake, akasimama juu pale pale, akanywa chai yake mpaka tone la mwisho. Hakaribishi mtu.