Niliandika "Nimesikiliza Yote" na Sikuwa Nimesikiliza

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, naishi Kamembe, hapa Rusizi. Nilizaliwa na kusomea Bukavu, kisha wazazi wangu wakaamua kurudi Rwanda. Baba alifariki mwaka wa pili baada ya kurudi. Nimebaki na mama, ambaye kila asubuhi huvusha nyanya na vitunguu kwenda kuuza ng'ambo ya mto, Bukavu.

Nawaandikia nikiwa na hasira. Nasema mapema ili asije mtu akaniambia nitulie. Nimetulia vya kutosha!

Mwaka jana ofisi moja ya watu binafsi, jina lake nalihifadhi, ilitangaza mafunzo ya kuandika mashauri. Siku hizi kesi hurekodiwa kwa mashine, na baadaye lazima mtu avae hedifoni, asikilize, aandike kila neno: nani kasema nini, na kalisema dakika ya ngapi. Walitaka vijana wanaojua Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili. Sasa niambieni, nani angefaa kuliko sisi tuliokulia Kongo? Kiswahili changu, ambacho hapa watu hunicheka nacho sokoni, kwa mara ya kwanza kilikuwa mali.

Nilikimbia kumwambia Solange. Mimi ndiye niliyempelekea habari... mimi mwenyewe, kwa miguu yangu! Solange alikuwa rafiki yangu tangu Bukavu. Tulikaa dawati moja, tukaimba kwaya moja, tukavuka mto kuja huku mwaka mmoja. Watu walidhani ni ndugu, nasi hatukuwakatalia.

Tulichaguliwa wanane. Mwalimu wetu, Papa Damien, alikuwa karani wa mahakama miaka mingi kabla ya kustaafu. Mzee yule hakuwa na mchezo. Alitufundisha kusimamisha sauti kwa pedali ya mguuni, mikono isitoke kwenye vibonye. Alitufundisha kuandika saa pembeni kila msemaji anapobadilika. Usipambe, usifupishe, usimsaidie mtu kusema vizuri. Shahidi akilia, andika kwamba amelia.

Kisha kulikuwa na ile sheria yake kubwa. Kila kazi ilifanywa na watu wawili. Wa kwanza anaandika. Wa pili anachukua ile rekodi, anaisikiliza upya tangu mwanzo hadi mwisho huku akifuata maandishi kwa macho, halafu anaandika chini kwa mkono wake: "Nimesikiliza yote," na kutia sahihi. Kuanzia hapo, kosa lolote ni la wa pili.

Mwisho wa mafunzo ofisi ingeajiri mmoja wetu tu. Ilipofika mwezi wa nne wa mafunzo kila mtu alijua ni mimi au Solange. Mama alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe anaandikia mahakama. Nilimwambia asubiri, akasema furaha haisubiri. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Niliota nikimwambia mama aache kubeba beseni.

Sasa naomba nikiri jambo, maana sikuja hapa kujiosha. Mchezo mchafu niliuanza mimi. Mama alishikwa na malaria, nikawa naenda naye zahanati, na kazi ya kuhakiki ikanirundikia. Nikamwomba Solange anisaidie: kazi alizoandika Jeannette, mwenzetu, aziwekee sahihi badala yangu bila kusikiliza. Akafanya bila kusita. Baada ya hapo ikawa desturi. Mimi naandika, yeye anatia sahihi. Yeye anaandika, mimi natia sahihi. Tulijiambia sisi ni watoto wa Bukavu, tutabebana. Nani angejua? Tena tulikuwa hodari, makosa yetu yalikuwa machache, na kwa kweli kusikiliza saa mbili za watu wakigombania mpaka wa shamba kunachosha!

Siku moja, Alhamisi mchana, Solange alinipigia simu. Alikuwa ameandika kesi ya shamba kutoka Bweyeye, kule kwenye msitu. Tulikuwa na mazoezi ya kwaya, na yeye alikuwa amekwisha kutangulia.

"Neema, yote nilisha maliza," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Weka tu sinyatire, batu ba kwaya banatungoya."

Nikafungua kazi yake. Nikashuka mpaka chini kabisa. Nikaandika "Nimesikiliza yote," nikatia sahihi, nikafunga mashine, nikaenda kumwimbia Mungu. Hata dakika tatu hazikuisha. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Wiki tano baadaye mama mmoja mzee aliingia ofisini. Alikuwa na matope mpaka magotini, maana ametembea sehemu kubwa ya njia, na ile njia ya Bweyeye mnaijua wenyewe. Mkononi alikuwa na karatasi zetu ndani ya mfuko wa plastiki. Hakujua kusoma, lakini jirani yake mwalimu alimsomea yote, mara mbili, na maneno yake mwenyewe hayakuwamo.

Papa Damien alikuwa ametoka kidogo. Mimi ndiye niliyempokea. Aliniuliza kwa Kinyarwanda, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, yale niliyosema mbele ya jaji mmeyaweka wapi?"

Nikamwambia mama, haiwezekani, sisi huandika kila neno. Nilisema kwa kiburi! Nikachukua zile karatasi ili nimwonyeshe. Pembeni saa zilikuwa zinakwenda vizuri... dakika ya thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini na moja... kisha hamsini na mbili.

Dakika kumi na moja hazikuwepo. Pengo lilikuwa wazi pale pembeni. Sikuhitaji hata kusikiliza, ningetazama tu ile safu ya saa ningeona. Niliivaa hedifoni, nikaipeleka rekodi mpaka dakika ya arobaini na moja. Na yeye ndiye aliyekuwa anaongea humo ndani. Alikuwa akiwataja, mmoja mmoja, majirani waliokuwepo siku mumewe alipopanda miti ya mpaka. Ndio uliokuwa ushahidi wake wote. Na wakili wa shemeji yake, aliyetaka kumnyang'anya shamba, alikuwa amekwisha kusema katika rufaa kwamba mwanamke huyu hakutaja shahidi hata mmoja.

Nililia mbele yake. Yeye akaanza kunibembeleza mimi!

Papa Damien aliporudi nilimweleza ukweli, kwamba nilitia sahihi bila kusikiliza. Nilidhani Solange naye angesema wake. Akaitwa. Nilimtazama usoni nikiwa na matumaini, ndiyo, bado nilikuwa na matumaini... Solange akasema, tena kwa sauti ya huzuni, kwamba siku ile rekodi yake ilikuwa inakwamakwama, na kwamba alinipigia simu kuniomba nizijazie zile dakika kwa sababu mashine yangu ilikuwa nzuri zaidi. Eti alishangaa sana kuona sikufanya.

Uongo mtupu! Mchana kweupe, mbele ya yule mama mzee! Niliruka, nikamwambia aseme ukweli, aseme alikuwa anakimbilia kwaya. Papa Damien akaniamuru nikae. Alizungumza taratibu, na afadhali angenitukana.

"Ule wa kwanza anaweza hata kulala," alisema. "Njo maana tunawekaka wa pili. Wa pili alikuwa weye."

Rekodi ilikuwepo, kwa hiyo maandishi yalisahihishwa na kesi ikaahirishwa. Mama yule alirudi Bweyeye kungoja upya. Mimi nikaondolewa kwenye mafunzo siku ileile, yakiwa yamebaki majuma matatu. Papa Damien aliniambia hawezi kumpeleka mahakamani mtu ambaye sahihi yake haina maana. Kwa hilo alikuwa na haki.

Kazi ile akaipata Solange.

Nilimfuata nyumbani kwao. Sikwenda kupigana, ingawa watu walisema hivyo. Nilitaka jibu moja tu. Je, alizisahau zile dakika kwa haraka, au aliziruka makusudi akijua sitasikiliza, ili mmoja wetu abaki? Nilimuuliza hivyo, mlangoni, mama yake akisikia. Solange alinitazama bila hata kupepesa.

"Nani alikukamata mukono, Neema?" alinijibu. "Weye mwenyewe njo ulisinya."

Mpaka leo sijui kama alifanya makusudi. Hilo ndilo linaloniunguza! Angekiri ningemchukia nikamaliza. Lakini lile jibu lake... nimeligeuza huku na huku nikitafuta pa kulikanusha, sipaoni. Hakuna aliyenishika mkono. Tena mkono wangu ndio ulioanza siku zile za malaria.

Kanisani wananiambia nimsamehe, eti chuki itanizeesha. Mke wa mchungaji alituita wote wawili, akatukalisha kwenye kochi moja, akatutaka tukumbatiane. Nilikataa. Mbona hakuna anayemwambia Solange aseme ukweli kwanza? Mbona msamaha huanza kudaiwa kwa aliyeumizwa? Kwaya nimeiacha, na nani atanilaumu.

Safari ya Bweyeye niliifunga mwenyewe mwezi uliofuata, kwenda kumwomba radhi yule mama. Alinipa viazi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba amenisamehe lakini anaomba nisimwandikie tena kitu. Nilirudi nikilia njia nzima.

Sasa nabeba beseni pamoja na mama. Hakunilaumu hata siku moja, ila majirani wakiuliza habari za mahakama huwa anajifanya hakusikia.

Juzi akina mama wa soko walinipa karatasi ya kikao chao niishuhudie, kwa kuwa nimesoma. Nikaketi kwenye kreti kuisoma. Wakaanza kunung'unika kwamba mvua inakuja, kwamba kila kitu kimo humo, nisaini tu jamani. Nikasoma. Nikakuta jina la mmoja wao limeandikwa katika waliokubali, na yeye siku ile alikuwa mgonjwa nyumbani. Nikakataa kutia sahihi, wakanikasirikia mimi.

Dada yangu, kaka yangu unayenisoma, wewe unayejifunza kazi hii au nyingine yoyote inayomaliziwa na jina lako, nakusihi. Rafiki akikuambia umwamini tu na utie sahihi, mwambie akae angoje mpaka usikilize. Akikasirika, mwache akasirike.