Malengelenge ya Shemeji Reginald

Shemeji yangu Reginald wa Kitangari alijifanya anajua kila kitu. Ukijikuna mbele yake, keshakutajia sababu: upupu, kiwavi, salfa inayopulizwa kwenye mikorosho. Alitamka kama daktari, na hilo darasa la saba alilimaliza kwa kusukumwa.

Dada yangu Isabela, mkewe, alimbangulia korosho msimu mzima kwa mikono mitupu. Glavu bwana aliziona anasa. Mafuta ya maganda yakamuunguza viganja, vikawa vyeusi, vikachubuka. Nikamsihi Reginald ampeleke hospitali Ndanda.

"Upupu tu huo," akasema. "Apake majivu."

Vidonda vikaoza. Homa ikapanda. Siku ya mazishi Reginald alilia kutushinda wote. Machozi hayana gharama.

Mwezi wa tano uliofuata alikwenda kupalilia mikorosho, asubuhi, jua limechomoza. Mchana akaja kwangu anajisugua mgongo kwenye nguzo kama ng'ombe.

"Shemeji, upupu umenipata."

Upupu huwasha palepale, na ukioga vizuri hutulia. Yeye alikuwa ameshaoga. Maumivu yalizidi.

Nikamwambia avue shati. Lilikuwa jeupe, halina doa. Chini yake ngozi ilikuwa imeungua, nyeusi, ina malengelenge. Ninayajua majeraha hayo. Niliyaosha kila siku kwa dada yangu. Lakini mikorosho haikuwa hata na ua, sembuse korosho.

Nikasogea karibu. Alama za vidole vitano. Kiganja. Upande wa pili, kingine.

"Nani kakukumbatia?" nikanong'ona.

"Sijakutana na mtu."

Hamidu, tabibu wa zahanati yetu, alimtazama muda mrefu. "Mama Anderson," akaniambia pembeni, "haya ni mafuta ya korosho. Lakini aliyemshika ana mikono midogo."

Kesho yake viganja vilikuwa kifuani. Keshokutwa yake, shingoni.

Jitu zima likapiga magoti uani kwangu. "Nipeleke Ndanda, shemeji. Nakuomba."

Nilimpeleka. Mimi si yeye.

Walimtibu, akapona. Kitangari hakurudi, alihamia kwa mama yake, Nanganga. Juzi nilipita kumjulia hali, maana desturi ni desturi. Ngozi ilikuwa imerudi laini. Mwenyewe amekonda, analala ameketi, mgongo kaugandamiza ukutani. Sikumwonea huruma.

Nikamwamkia mama yake shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Alikuwa anafagia chumba cha mwanawe.

Nikaangalia alichokuwa akikikusanya.

Maganda ya korosho. Mabichi. Yanatoa mafuta.

"Yanatoka wapi, mama?"

"Nayakuta kila asubuhi," akanong'ona. "Mlango nafunga mwenyewe."

Kando ya kiti cha Reginald, juu ya kipande cha kanga, korosho zilizobanguliwa zilikuwa zimepangwa. Nyeupe. Nzima nzima. Hakuna hata moja iliyovunjika.