Mashine Iliyoitikia Marahaba

Kila asubuhi Baba alijibu meseji kabla ya kufungua duka. Alikaa nyuma ya kaunta, miwani puani, simu mkononi. Simu hiyo aliifunga kwa mpira wa manjano kwa sababu mfuniko wake wa nyuma ulikuwa haushiki.

Duka letu lipo Kilwa Masoko. Tunauza mbegu, mabomba ya kupulizia na dawa za mikorosho. Wakulima wa Njinjo, Likawage na vijiji vingine walimwandikia Baba. "Mzee Hasanali, salfa imefika?" "Mzee, maua yana unga mweupe, nifanyeje?"

Baba aliandika majibu mafupi. Lakini mtu akiuliza kipimo cha dawa, alimpigia simu kwanza. Alipaza sauti kana kwamba anataka kusikika Likawage bila simu. "Chupa ya rangi gani? Bluu au kijani?" Akishajibiwa, ndipo alipoandika kipimo.

Baba alifariki mwezi wa sita, mikorosho ilipoanza kutoa maua. Tulimzika siku ileile. Simu yake iliendelea kulia.

Mimi ni Fatema, binti yake. Ndimi niliyebaki dukani. Kila meseji niliyoifungua ilianza na "Shikamoo mzee." Nilishindwa kujibu hata moja. Baada ya wiki moja zilikuwa zimezidi mia.

Mdogo wangu Kumail anafanya kazi za kompyuta Dar es Salaam. Alikuwa amekuja msibani.

"Dada, niachie mimi," alisema. "Kuna programu inayosoma meseji na kuandika majibu yenyewe. Inaitwa msaidizi wa mazungumzo. Nitaiunganisha na namba ya Baba. Wewe pumzika."

"Itajuaje la kujibu?"

"Nitaipa meseji zote za Baba za miaka sita. Itajifunza humo."

Alifanya kazi hiyo siku mbili. Siku ya tatu akaijaribu kwa simu yake. Aliandika, "Shikamoo mzee. Bomba la mgongoni lipo?"

Jibu lilikuja palepale kutoka namba ya Baba. "Marahaba mwanangu. Lipo, karibu. Nyumbani hawajambo?"

Mama alikuwa ndani, katika eda. Tulimpelekea asome. Alisoma, akarudia.

"Hivyo hivyo ndivyo angesema," alisema.

Aliishika simu ile muda mrefu. Mimi na Kumail tulitazamana.

Kumail akarudi Dar. Kwa wiki mbili mambo yalikwenda vizuri, au niliona hivyo. Wateja walijibiwa. Nilianza kupata usingizi.

Kisha, asubuhi moja, bodaboda ilisimama mbele ya duka. Akashuka mtu mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na galoni la asali. Nilimfahamu. Alikuwa Likwata, mkulima wa Likawage, mteja wa Baba wa miaka mingi.

"Assalamu alaykum, dada Fatema! Mzee yuko wapi? Nimemletea asali ya porini. Leo ataacha ile sukari yake."

Nilitazama lile galoni la asali, kisha nikamtazama yeye.

"Mbona unaniangalia hivyo? Au amekwenda Lindi?"

"Kaka Likwata," nilisema, "Baba alifariki. Leo ni siku ya ishirini na nne."

Akacheka. "Na wewe tena! Hussen wa kwetu Likawage naye alituletea uongo huo huo msikitini. Nilimwambia mbele ya watu, wewe Hussen ni mzushi, unamzika mtu yu hai. Maana nilimwuliza mzee mwenyewe. Tazama."

Alitoa simu yake. Nikasoma.

"Shikamoo mzee. Huku wanasema umefariki. Ni kweli?"

Chini yake palikuwa na jibu. "Marahaba mwanangu. Mimi mzima, alhamdulillahi. Mikorosho inaendeleaje?"

Nilikaa kwenye kiti cha Baba.

"Kaka, hiyo ni mashine," nilisema. "Tuliiweka ijibu meseji. Baba tulimzika."

Likwata aliweka galoni chini polepole. Alivua kofia. Alikaa juu ya gunia la mbegu, akatazama sakafu.

"Tulikuwa tumejipanga kuja," alisema mwishowe. "Watu saba. Tuje kutoa mkono wa pole, tusome na dua. Mimi ndiye niliyewazuia."

Nilimmiminia maji ya kunywa.

"Na hii dawa je?" akauliza. "Nayo ni mashine iliyonipimia?"

"Dawa gani?"

"Nilimwuliza mzee kipimo. Akaniandikia vifuniko vitatu kwa bomba moja. Nimepulizia mikorosho minne. Maua yameungua, yamekuwa meusi. Nimebakiza mikorosho mia mbili. Nikasema hapana, hili nikamwulize mzee uso kwa uso."

Alitoa chupa kwenye mfuko wake. Ilikuwa ya bluu.

Hapo nilielewa. Dawa ya chupa ya kijani ni nyepesi, na vifuniko vitatu ndicho kipimo chake. Ya bluu ni kali, na kifuniko chake ni kikubwa. Baba aliuliza rangi kila mara, lakini aliuliza kwa kupiga simu. Kwenye meseji aliandika jibu tu. Mashine ilisoma majibu ya miaka sita. Maswali yake ya rangi hayakuwemo.

Jirani yetu Scholastica ana duka la kuchapa na kutoa kopi, ukuta kwa ukuta na letu. Alisomea kompyuta. Nilimwita, nikamweleza yote. Alisoma meseji za Likwata mpaka mwisho.

"Kwanza izime," alisema. "Sasa hivi. Mengine baadaye."

"Mama anaipenda," nilisema.

"Basi kamwambie yeye."

Niliingia ndani. Nilimsomea Mama swali la Likwata na jibu lake. Mama aliichukua simu, akajisomea mwenyewe. Kisha akasema, "Izimeni. Asije mtu mwingine akaendelea kumngojea."

Scholastica alimpigia Kumail, naye akaizima akiwa Dar. Kisha Scholastica akamwuliza maswali, sauti ikisikika dukani.

"Kumail, ule ufunguo wa siri wa kuunganishia programu na namba ya simu umeuweka wapi?"

"Kwenye kundi la ukoo. Nisije nikausahau."

"Kundi lina watu wangapi?"

"Thelathini na wawili."

"Hongera. Watu thelathini na wawili wanaweza kuandikia wateja kwa jina la duka lenu. Futa huo, utengeneze mwingine, uujue wewe na Fatema tu. Na zile meseji za wakulima, uliwaomba ruhusa?"

"Hapana. Sikufikiria hilo."

"Humo huenda mtu kamwambia mzee habari za mgonjwa wake," Scholastica aliendelea. "Mwingine kamweleza ugomvi wa shamba. Walimwandikia mzee, hawakuiandikia mashine. Ziondoe zote."

"Kwa hiyo kitu hiki ni kibaya?" Likwata aliuliza.

"Hapana, kaka. Kinafaa kwa kazi yake. Lakini hakijui kwamba hakijui. Ukikiuliza, kitakujibu tu, na kitajibu kwa adabu. Kwa hiyo ni lazima mwenye duka akiandikie maagizo. Kiseme nini. Kinyamaze wapi. Kimwite nani."

"Na kisiitikie shikamoo," alisema Likwata.

"Hilo la kwanza!" Scholastica alicheka kidogo. "Kimezaliwa juzi, kinawaitikia watu wazima marahaba!"

Hata mimi nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Nilimpimia Likwata dawa upya, kama maandishi ya kwenye chupa yanavyoelekeza. Asali hakutaka kurudi nayo. "Mpe mama," alisema.

Mchana ule niliandika meseji kwa wateja wote. Niliiandika kwa mkono wangu. "Mzee Hasanali amefariki. Majibu mliyopata wiki mbili hizi yaliandikwa na mashine. Tunaomba radhi. Kama ulipewa kipimo cha dawa, usikitumie. Nitakupigia." Nilipiga simu siku tatu. Wengine walilia. Mmoja alinigombeza, nami nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kwa bahati, hakuna mwingine aliyekuwa amekwisha kupulizia.

Siku ya arobaini walikuja watu kumi na mmoja kutoka Likawage. Hussen alikuwa mbele, na Likwata nyuma yake. Walipofika mlangoni Likwata alisema kwa sauti, "Huyu ndiye aliyesema kweli. Mimi ndiye niliyezusha." Hussen akamshika mkono, wakaingia pamoja.

Baada ya hapo tuliiunganisha mashine upya na namba ileile, mimi, Kumail na Scholastica. Maagizo tuliyaandika kwa Kiswahili cha kawaida. Jina lake ni Msaidizi wa Duka. Inajibu saa za kufungua, vitu vilivyopo na vilivyokwisha. Mtu akiuliza dawa, kipimo, au jambo lolote ambalo hatukuiandikia, inaniita. Kabla ya kuifungulia wateja tuliijaribu kwa maswali hamsini. Ilikosea manne. Tukarekebisha, tukaijaribu tena.

Meseji za Baba nimezitunza katika simu yake, yenye mpira wa manjano. Hazisomwi na mashine yoyote. Huzisoma Mama.

Juzi Likwata aliandika. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kuipima mashine. "Shikamoo mzee. Nichanganye vifuniko vingapi?"

Ikamjibu, "Mimi ni mashine ya duka, si mzee. Mzee Hasanali amefariki. Vipimo vya dawa sijibu mimi. Nikuitie Bi Fatema?"

"Niitie," aliandika.

Simu yangu ikalia. Niliacha mteja kwenye kaunta, nikampigia Likwata. Alipopokea sikuanza hata na salamu.

"Chupa ya rangi gani?" nilimwuliza kwa sauti kubwa. "Bluu au kijani?"

Nyuma yake nilisikia ndege na upepo wa shambani.

"Bluu," alisema. "Ahsante kwa kuniuliza, binti wa mzee."