Nyaya Mbili, Mwelekeo Mmoja

Mikono ya watu wawili ilishika pete moja nyeusi ya feraiti, ile ya kuchuja kelele za umeme, kwenye meza ya vipuri vikuukuu, sokoni, watu wakisukumana.

"Niachie, kaka. Nina mgonjwa."

"Mgonjwa gani anatibiwa kwa pete iliyotoka kwenye kompyuta mbovu?"

Binti alivaa gauni la njano, bisibisi ikichungulia mkobani. Alikuwa fundi wa vifaa vya zahanati, na mashine yake ya kupima moyo, tangu majirani wafunge pampu mpya, ilikuwa ikichora takataka tupu. Aliyeshika upande wa pili, fundi redio, alipoelezwa hayo alicheka akaiachia pete.

"Hizo kelele za umeme zinaingia na nyaya zote mbili kwa pamoja," alisema. "Zungusha nyaya zote kwenye pete, mwelekeo mmoja, kelele zitazuiwa hapo hapo. Umeme wenyewe unaenda na kurudi, utapita salama. Nipe nikuzungushie. Na namba yako nipe."

"Namba ya nini tena?"

"Ya kukujulisha ikiwa tayari, dada. Usiogope."

Basi, mapenzi kikohozi. Wiki nzima simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

Fundi akazungusha nyaya kwenye pete simu ikiwa begani. Ilipofungwa, mashine ikachora upuuzi uleule, na daktari mkuu akamgombeza binti mbele ya wagonjwa. Aliifungua pete akaikagua. Waya mmoja ulizungushwa kinyume.

"Kosa hilo hata mwanafunzi hafanyi," alimwambia fundi kwenye simu. "Umefanya makusudi ili nirudirudi kwako. Kazi yangu si mchezo wako."

Akakata, akamfungia namba. Alilia, nisikufiche, kisha akanawa uso akarudi kazini.

Asubuhi yake fundi redio alitinga zahanati, shati limepigwa pasi, akaketi kwenye benchi la wagonjwa.

"Sikukusudia," alisema. "Nilizungusha waya wa kwanza, wewe ukacheka kwenye simu, nikasahau niko upande gani. Nipe pete. Leo siongei mpaka nimalize."

"Na usipoweza?"

"Sitoki hapa."

Kweli hakuongea. Alizungusha taratibu, midomo kaibana, binti kamsimamia kama msimamizi wa mtihani. Pete ikafungwa, mashine ikawashwa. Binti akamlaza fundi mwenyewe kitandani, akambandika nyaya kifuani. Mchoro ukatoka safi.

"Mashine imepona," akasema. "Lakini mapigo yako mia na thelathini. Unaumwa?"

"Nataka kukuoa. Tangu sokoni."

Binti aliutazama mchoro. Hapakuwa na kelele ya kusingizia.

"Nimekubali," akasema. "Sasa tulia nipime upya, daktari anasubiri karatasi."