Mkono Uliorukwa

Waya ulikuwepo mezani. Diski haikuwepo.

Inspekta aliuinua waya kwa ncha ya kalamu, akautazama, akaurudisha. Pembeni kulikuwa na kamera mbili, kompyuta ndogo mpya na simu iliyoachwa kwenye chaji. Vyote vilikuwa salama.

"Mwizi wa ajabu," alisema Koplo. "Kaacha nyama, kabeba mfupa."

"Mfupa gani, Afande?" Mwenye studio, mtu mnene ambaye wote walimwita Bosi, alikuwa anafuta jasho. "Hiyo diski ni miezi saba ya kazi. Filamu ya katuni ya kuwafundisha watoto viziwi kujiokoa moto ukizuka bwenini. Katuni anaongea kwa lugha ya alama mwanzo mpaka mwisho. Leo saa nane mchana naikabidhi, iende shule arobaini."

"Nakala?"

"Ilikuwa kwenye diski ya pili. Nayo imekwenda."

"Mlango umevunjwa?"

"Hapana."

"Funguo wanazo nani?"

"Mimi, Penseli na mama wa usafi." Bosi alishusha sauti. "Lakini Penseli ndiye aliyeninunia wiki nzima."

Penseli, mchoraji wa zile katuni, alikuwa amesimama dirishani. Kijana mrefu, macho mekundu kwa kukesha.

"Mligombana?" Inspekta alimuuliza.

"Kidogo."

"Kidogo cha ukubwa gani?"

"Alisema picha zangu zinakwama kwenye kompyuta yake. Nikamwambia anunue kompyuta nyingine. Basi, tukatupiana maneno."

"Tangu jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu, nabembeleza mapacha wake. Mpigie, Afande. Na ukitaka mmoja, mchukue."

Koplo alipiga simu. Dada alithibitisha, huku mapacha wakilia nyuma yake kama mashahidi wa ziada.

Kisha Koplo alipaka unga wa alama za vidole kwenye meza, mlango na kioo cha kompyuta kubwa ya Bosi. Kwenye kioo alisimama.

"Afande, njoo uone. Kiganja kizima. Lakini ni cha mtoto. Miaka minane, tisa hivi."

Inspekta alivuta kiti, akaamsha kompyuta. Programu ya kuhariri video ilikuwa bado wazi, na mstari mwekundu ulionyesha filamu iliposimamishwa.

"Jana uliiachia wapi, Bosi?"

"Mwisho kabisa, kwenye majina."

"Sasa iko dakika ya tatu. Mtu ameitazama baada yako. Mwizi anayebeba diski akauze hakai kutazama katuni. Pana nini hapo?"

Penseli alikuwa na faili la picha za sehemu hiyo kwenye kompyuta yake mwenyewe. Alilihamishia kwenye ya Bosi, akabonyeza. Moshi ukajaa chumba kilichochorwa. Msichana wa katuni akainua mikono kuongea. Picha ikaenda, ikakwama, ikaruka. Msichana akafungua mlango, akatoka.

"Rudia," alisema Inspekta.

Ikarudiwa mara tatu.

"Moto uko nje. Mbona anafungua mlango bila kuupima?"

"Anaupima," alisema Penseli. "Anagusa kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, hafungui. Nimechora mwenyewe, ni nusu sekunde."

"Mimi sikuona mkono."

"Unarukwa, Afande. Kompyuta inashindwa kufuata, inaruka mbele. Picha zenyewe zipo."

"Kompyuta za shule zina nguvu kuliko hii?"

Penseli alitikisa kichwa.

"Mama wa usafi ana mtoto?"

"Binti mmoja," alisema Bosi, kisha akasita. "Ni kiziwi."

Mama wa usafi alikuwa jikoni anakamua tambara. Alipomwona Inspekta alijifuta mikono, akakaa.

"Diski ziko wapi, mama?"

"Diski gani, Afande?"

"Kiganja cha binti yako kiko kwenye kioo cha kompyuta."

Alitikisa kichwa polepole. "Ningekuwa na akili ya wizi ningekifuta. Kazi yangu ni kufuta vioo."

"Ulizichukua?"

"Nilizichukua. Ziko kwenye ndoo ya matambara, nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Nilitaka saa nane ipite tu."

"Kwa nini?"

"Shule yao imefungwa wiki hii, nikaja naye. Nikamwekea filamu afurahi, maana hajawahi kuona katuni anayeongea kama yeye. Pale penye moto akanivuta mkono, nirudie, nirudie. Mwisho akaenda mlangoni, akaufungua wazi, akaniambia kwa mikono: moto ukija tunafanya hivi." Alilikunja tambara. "Afande, analala bweni la ghorofani. Wako sitini."

"Hukumwambia Bosi?"

"Mwezi uliopita nilimwambia mikono inarukaruka. Muulize alinijibu nini."

Bosi alikuwa mlangoni. Aliangalia sakafu. "Nilimwambia ashike deki."

"Nikashika deki," alisema mama. "Kama ni kufungwa, nifungeni. Lakini filamu isiende hivyo."

Bosi aliingia jikoni.

"Afande," Bosi alisema, "malalamiko yangu nayafuta." Akatoa simu, akapiga kule filamu ilikokuwa ikisubiriwa. "Ina kasoro. Kosa ni langu. Nipeni mpaka kesho."

Penseli alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. "Nilizibana picha mno faili liwe dogo," alisema bila kugeuka. "Kila picha inategemea iliyotangulia, kompyuta inafungua mafundo badala ya kuonyesha. Nitazitoa mojamoja, kila moja kamili, tuzishone upya kwa idadi ile ile ya picha kwa sekunde iliyo kwenye programu ya Bosi. Halafu nakala nyepesi kwa ajili ya shule."

"Na mtaijaribu kwenye kompyuta gani?"

"Mbovu kuliko zote."

Koplo alikohoa. "Tunayo kituoni. Ikicheza kwenye ile, itacheza hata kwenye pasi ya mkaa."

Alasiri hiyo, binti alikaa mbele ya kompyuta ya kituo, miguu haifiki chini. Moshi ukajaa. Mikono ya katuni ikaenda laini kama maji, mgongo wa kiganja ukagusa mlango, ukatulia, ukarudi. Binti aliinuka, akaenda mlangoni, akaugusa vile vile, akasubiri. Mama yake alijifunika uso kwa kanga.

Kisha binti akageuka, akaongea kwa mikono, haraka, kwa kirefu.

"Anasemaje?" aliuliza Bosi.

"Anasema mlango ameuelewa." Mama alijifuta macho. "Ila dakika ya tano, kidole gumba kimekosewa."

Penseli alivuta kiti cha pili karibu na chake.

"Mwambie aje anionyeshe."