Zagabe Bado Yuko Kazini

Jambo lenyewe lilianzia kwenye karai la vyombo. Godelive alimimina maji ya bomba, maji matupu, maana sabuni ilikuwa imeisha tangu Jumapili, na maji yakatoa povu. Akayamwaga, akamimina mengine. Povu tena, jeupe, la moto, lenye harufu ya mawese yaliyochemka na soda. Harufu hiyo aliijua vizuri. Kwa miaka tisa ilikuwa ikiingia nyumbani kwake Muhumba kila saa kumi jioni, imeganda kwenye nguo za mumewe, Zagabe.

Lakini Zagabe alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Alikuwa mpishi wa sabuni kiwandani. Siku moja ukingo wa tangi la sabuni inayochemka uling'oka, akatumbukia mpaka kifuani. Alikufa kesho yake hospitalini. Tangu hapo Godelive alikwenda kiwandani kila Jumatatu kudai jambo moja: patron, mwenye kiwanda, akubali kwa maandishi kwamba mtu wake aliumia kazini, ili watoto wapate fidia yao na binti yao Élodie asifukuzwe shule. Na kila Jumatatu Papa Cyprien, mkuu wa wafanyakazi, alikuwa na wimbo ule ule. "Maman, dossier iko ku signature. Patron iko Kinshasa. Urudie lundi." Mtu akikuzungusha hivyo miezi mitatu, hana haja tena ya kukutukana.

Baada ya povu zikaja hatua. Saa kumi, jua bado linawaka, mtu alisikika akikung'uta viatu kizingitini, kisha maji yakimwagika uani. Siku ya tatu Élodie, mtoto wa miaka saba, aliingia ananong'ona.

"Mama, Papa iko ananawa mikono. Ananawa, ngozi inatoka na povu."

Godelive akatoka mbio, akakuta karai linajaa lenyewe, povu linapanda, linamwagika, linatambaa kuelekea miguuni pake, na juu ya povu hilo vipande vyembamba vinaelea kama maganda ya nyanya iliyochemshwa, na nyuma ya hayo yote, karibu kabisa na sikio lake, pumzi ya mtu anayejizuia kulia ili mtoto wake asimsikie.

Alimwita Maman Rosette wa shirika, jumuiya ndogo ya kanisa mtaani, ambaye watu humwendea mizimu inapowasumbua. Maman Rosette alinyunyiza maji ya baraka, akasali rozari nzima, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Zagabe, unatafuta nini kwa bazima, weye mwenye ulikufa?"

Jibu lilitoka ndani ya karai. "Siyatoka bado ku kazi."

Maman Rosette alikusanya rozari yake. "Huyu siwezi kumufukuza. Jina yake iko inamushikilia kule. Wende ku kiwanda, uangalie mu kaye ya kusaini."

Asubuhi Godelive alimkuta Papa Cyprien macho mekundu, kama mtu asiyelala. Hakubishana. Alifungua daftari la mahudhurio mwenyewe. Zagabe, présent. Zagabe, présent. Sahihi kila siku, tangu ajali mpaka jana.

"Patron ndiye alisema," alinong'ona. "Inspecteur akikuja, akute batu bote biko kazini, hakuna mwenye alikufa. Nilisaini pa mahali pake juma mbili."

"Na hizi zingine?"

"Hizi zingine hapana mimi, maman."

Akasogeza karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: Zagabe alikufa nyumbani, kwa homa. Mjane akitia sahihi, jina lingefutwa daftarini siku hiyo hiyo. Watoto wasingepata kitu. Godelive aliwaza ngozi ile juu ya povu. Kumbe mume wake alikuwa anaungua upya kila siku ya kazi, na yeye nyumbani alikuwa akingoja Jumatatu. Moyo ulimpasuka. Akachukua kalamu.

"Unisamehe, Papa Élodie. Wende upumuzike."

Kalamu haikushuka. Mkono wa moto, wenye maji, usioonekana, ulifunika mkono wake. Haukuvuta kwa hasira. Uliuongoza taratibu kutoka kwenye karatasi ile ya uongo mpaka kwenye daftari, mpaka mstari wa kesho, na hapo ukaandika Zagabe, kwa zile herufi zake zilizolala upande. Papa Cyprien alikwisha kukimbia, kiti kimeanguka nyuma yake.

Ndipo Godelive alipoelewa. Hakuna aliyemshikilia mumewe kule. Alikuwa amekataa mwenyewe kutoka, mpaka watoto wake wapewe haki yao.

"Hapana," alilia, "kesho utaungua tena. Acha, bwana wangu, acha."

Mkono ulimfinya vidole mara moja, kama Zagabe alivyozoea kumuaga asubuhi. Kisha ukamwachia, ukarudi kazini.